Chupa Arobaini na Moja za Damu

Atiir Lokwang alikuwa na miaka arobaini na saba, na kati ya hiyo, kumi na tisa aliimaliza akiwa ameinamia darubini. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kumtia ukungu. Alifanya kazi katika zahanati moja ya mji wa Kakuma, ng'ambo ya mto mkavu ukitoka kambi ya wakimbizi, kwenye chumba cha maabara chenye dirisha dogo na feni iliyozunguka pale tu umeme ulipopenda. Kwao ni Nawoitorong, kule Lodwar, na kila mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda kumwona mama yake. Mumewe, dereva wa lori, aliuawa na barabara ya Kitale zamani. Binti zake wawili walishaolewa mbali. Alibaki yeye na vioo vyake, na wagonjwa waliomwita daktari ingawa hakuwa daktari. Aliacha kuwasahihisha mwaka wa tatu.

Mwaka juzi, mvua za Aprili zilipokata mapema, shirika moja lilileta kwenye zahanati maboksi kumi na manane ya kipimo cha haraka cha brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaomwingia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mbuzi kwa mikono mitupu. Mgonjwa hushikwa na homa isiyoisha, jasho, viungo kuuma na mwili kulegea. Kipimo chenyewe hakikuwa kigeni. Atiir alikijua miaka sita: tone la damu iliyochujwa, tone la dawa, unatikisa kadi dakika nne, ukiona punje zimejikusanya kama maziwa yaliyoganda, basi ndiyo hiyo.

Kigeni kilikuwa agizo. Zamani, Opondo, tabibu mkuu wa zahanati, alimsikiliza mgonjwa kwanza, akamuuliza habari za maziwa na mifugo, na ni wale tu waliomtia shaka kubwa aliowatuma maabara. Hawakuzidi ishirini kwa mwezi. Safari hii agizo lilisema kila anayevuka mlango apimwe. Aliyekuja na kikohozi, apimwe. Aliyechomwa na mwiba, apimwe. Mama aliyeleta mtoto kuchanjwa, naye apimwe.

"Tumekuwa tukiwakosa wengi," Opondo alisema siku ya kwanza, akiyapanga maboksi kwa furaha. Alikuwa mtu wa Siaya, mnene, mwenye subira na wagonjwa na asiye na subira na karatasi. "Sasa hakuna atakayetuponyoka, Mama Atiir."

Kweli hawakuponyoka. Atiir alipima watu zaidi ya mia kwa siku. Jioni vidole vyake vilinuka dawa hata baada ya sabuni mara mbili, na kiuno kilikaza kama ubao. Kila siku walitoka wagonjwa saba, siku nyingine wanane. Mwezi uliokuwa ukitoa wagonjwa kumi sasa ulitoa mia na sabini. Redio ikatangaza kwamba Kakuma imeingiliwa na brusela. Wanaume wa mjini wakaanza kuchungulia chai zao kabla ya kunywa. Opondo alituma ripoti Lodwar, Lodwar wakaongeza maboksi.

Mwanzoni mwa Mei aliingia Anatole, fundi cherehani kutoka Uvira, mwenye kibanda kambini. Alikuja na mkewe Mathilde kwa sababu walisikia huku vipimo ni bure na foleni ya kambini ilikuwa imewashinda. Alikuwa mtu mrefu, akitembea ameshika kiuno kwa nyuma kama mwanamke mjamzito.

"Mugongo," alisema. "Na homa ya jioni. Inakuja, inaenda."

Atiir akamtoa damu, akaitikisa kadi. Punje zikajikusanya.

"Una brusela," akamwambia, akiandika.

Anatole akacheka kidogo. "Miye sinywaka maziwa, mama. Kwetu tulikulaka samaki. Na mbuzi za hapa, ninazionaka njiani tu."

Atiir alimsikia. Baadaye, katika siku nyingi alizokuja kulikumbuka neno lile, hakuweza kujidanganya kwamba hakulisikia. Lakini nje kulikuwa na watu themanini, na kadi ilikuwa mbele yake, na punje zilikuwa punje.

"Wengi hawajui walipoupata," alimjibu. "Peleka karatasi hii kwa daktari."

Opondo akamwandikia sindano kila siku kwa wiki tatu, na vidonge vya wiki sita. Homa ikashuka. Mathilde alipita siku moja na mfuko wa maandazi kuwashukuru. Wiki chache baadaye homa ikarudi, na maumivu yakashuka kutoka mgongoni hadi mapajani. Wakampima tena kwa kipimo kilekile, punje zikajikusanya tena. "Imekuwa sugu," Opondo alisema, akamwandikia sindano upya.

Mwezi Julai Atiir mwenyewe alishikwa na mafua. Siku hiyo foleni ilikatika mapema kwa sababu ya vumbi kali, na kwa kukosa la kufanya akajitoa damu, akajipima. Akatikisa kadi dakika nne akiwaza mambo mengine. Alipotazama chini, punje zilikuwa zimejikusanya, nzuri kabisa, kama za kitabuni.

Akaitazama kadi ile muda mrefu. Hakuwa na homa. Hakuwa na jasho wala viungo kuuma, zaidi ya kiuno, na kiuno alijua kimetoka wapi. Chai yake aliinywa kwa maziwa ya pakiti. Akaenda mlangoni kwa Opondo na kadi mkononi.

"Daktari, hii ni damu yangu."

Opondo akaitazama. "Pole. Anza dawa leo."

"Siumwi."

"Bado hujaumwa."

"Daktari, wangapi kati ya hawa tunaowaandika wanaumwa kweli?"

Opondo akavuta droo, akatoa karatasi iliyokuja ndani ya boksi, akaikunjua kwenye meza na kuweka kidole chake kinene juu ya mstari. "Soma mwenyewe. Kikikutana na mgonjwa, hakimkosi. Kikikutana na watu mia wazima, hukosea watano tu. Watano kwa mia! Kwa hiyo, kati ya mia tunaowaandika, tisini na tano ni wagonjwa. Wewe ukiwa kwenye wale watano, bahati yako. Lakini si nusu ya Kakuma."

Hesabu ilisimama wima mbele yake na Atiir hakuona pa kuisukuma. Hata hivyo haikumkaa moyoni. Alirudi maabara akawapima mlinzi wa lango na mama wa usafi, kwa ridhaa yao, akitumaini kutuliza roho. Wakatoka wazima wote wawili, na roho haikutulia.

Mwisho wa Agosti, safari yake ya Nawoitorong ilipofika, alichukua hatua ambayo hakumwambia mtu ila Opondo, na Opondo aliikubali kwa kuinua mabega tu. Kwa wiki nzima Atiir alikuwa ametunza kwenye jokofu kila damu iliyoonyesha ugonjwa. Katika watu karibu mia saba, zilipatikana chupa arobaini na moja, ukijumlisha na ya kwake mwenyewe. Akazipanga kwenye kisanduku cha baridi, akazizungushia barafu, akatia boksi moja la vipimo mkobani, akapanda nazo gari la asubuhi. Alikipakata kisanduku kile mpaka Lodwar. Barabara sasa ni lami na safari si ndefu, lakini magoti yake yalikufa ganzi kwa baridi huku uso ukiungua.

Ekaale, waliyesoma naye chuo, alisimamia maabara kubwa kidogo pale Lodwar. Alikuwa na kipimo cha polepole, cha kuchanganya damu na dawa kwenye mirija, kila mrija ukiwa na mchanganyiko hafifu kuliko uliotangulia, na kuiacha ikae usiku kucha kwenye joto la mwili. Hakuna aliyekipenda kwa sababu kinakula siku. Lakini kilikuwa na macho.

"Dada Atiir, ejok, hujambo? Umeniletea samaki?" Ekaale aliuliza alipoona kisanduku.

"Nimekuletea kazi."

Siku ya pili saa nne asubuhi alimpigia simu. "Njoo," alisema, na hakusema zaidi.

Sita. Kati ya chupa arobaini na moja, sita ndizo zilizokuwa na brusela. Chupa ya Atiir mwenyewe, ambayo aliiweka katikati bila jina, ilikuwa safi.

Atiir aliketi. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne alihisi hasira, na hasira ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa na mtu wa kuielekea. "Wametuletea takataka," alisema. "Wameandika watano kwa mia, kumbe uongo mtupu. Watu thelathini na watano, Ekaale! Katika wiki moja."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Ekaale akamjibu polepole. "Ndiyo maana nilichukua boksi ulilokuja nalo, nikapima damu mia za watu ninaojua ni wazima, zile za waliojitolea kuchangia. Unajua kilikosea ngapi?"

"Hamsini."

"Nne."

Nje jenereta ilikuwa ikikohoa. Kipimo hakikuwa kibovu. Karatasi haikusema uongo. Watu thelathini na watano bado walikuwa wamepewa ugonjwa wa bure.

Alirudi kwa mama yake Nawoitorong kichwa kikiwa kizito. Mama alimkabidhi ungo wa mahindi na maharagwe ya githeri ayachambue, yeye akaenda kujilaza. Atiir akaketi kivulini, vidole vikitoa mawe bila kufikiri. Baada ya muda vidole vikaacha mawe, vikaanza kuhesabu punje.

Alihesabu mahindi mia na tisini na nane, akayaweka upande mmoja. Akaweka maharagwe mawili pembeni yake. Hawa ni watu mia mbili wanaovuka mlango wa zahanati, alijiambia: mwenye kikohozi, mwenye mwiba, mama mwenye mtoto wa chanjo. Maharagwe ni wagonjwa wa brusela wa kweli. Hata mwaka mbaya, ukiwapima watu ovyo namna ile, hutapata zaidi ya mmoja kwa mia.

Sasa pima. Kipimo hakiwakosi wagonjwa, kwa hiyo akavuta maharagwe yote mawili. Kwa wazima hukosea watano kwa kila mia. Wazima ni karibu mia mbili, kwa hiyo akavuta mahindi kumi. Mbele ya magoti yake kukawa na punje kumi na mbili, wote wameandikiwa sindano, na katika hao kumi na wawili maharagwe ni mawili.

Akayarudisha, akahesabu tena, kwa sababu hakuamini. Yakaja yaleyale.

Akakumbuka zamani, wale ishirini wa mwezi ambao Opondo aliwachuja kwanza kwa maswali. Hao akawapanga maharagwe kumi na mahindi kumi, kwa kuwa nusu yao kweli waliumwa. Akavuta maharagwe kumi. Kwenye mahindi kumi, watano kwa mia hawafikii hata punje moja. Basi karibu kila aliyeandikwa zamani aliandikwa kwa haki.

Kipimo kilekile. Mkono uleule. Kosa lilelile dogo la watano kwa mia. Foleni ndiyo iliyobadilika. Ukiwaita wazima wengi mno mlangoni, makosa yao madogo madogo huwazidi wagonjwa wachache waliomo. Opondo alikuwa amesoma mstari ule kinyume: walikosewa watano katika kila wazima mia, si katika kila mia walioandikwa wagonjwa. Na yeye Atiir alikuwa amesimama mbele ya kidole kile akashindwa kuona.

Mama alitoka ndani akakuta ungo umegawanywa mafungu.

"Mtu mzima unacheza na chakula," alisema.

"Ninahesabu, mama."

"Hesabu ukimaliza kupika. Watu wana njaa."

Akapika. Alikula kidogo. Hakukuwa na furaha ya kugundua. Alikuwa akipiga hesabu nyingine: wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, tangu Aprili, watu zaidi ya mia saba kwa mkono wake, na katika kila sita watano hawakuwa na ugonjwa aliowapa.

Jumatatu alimwekea Opondo matokeo ya Ekaale mezani, na kando yake mfuko wa punje, akampangia mbele ya macho. Opondo hakubisha mapema kama alivyotarajia. Alizitazama punje, akazisogeza mwenyewe, akazirudisha. Kisha akavua miwani.

"Lakini wale sita tumewapata," alisema. "Zamani tungewakosa."

"Hao ni kweli tumewapata. Sikatai."

"Nimetuma ripoti nne Lodwar, Mama Atiir. Redio imetangaza."

"Najua."

"Nikisema leo kwamba..." Alifuta miwani kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Na wale waliokuwa na ugonjwa mwingine? Tuliowapa sindano za brusela, na huku wana kitu kingine kinachowala?"

Hilo Atiir alikuwa ameliogopa kulitamka. Lilipotoka mdomoni mwa mtu mwingine lilimwingia kama maji ya barafu. "Yule fundi wa Uvira," alisema.

Walikubaliana mambo mawili. Hakuna atakayeandikwa mgonjwa tena mpaka damu yake ithibitishwe Lodwar kwa kipimo cha polepole, na wote waliokwisha kuandikwa waitwe upya. Opondo aliandika barua kwa wakubwa wake. Ilikuwa barua fupi na ya woga, lakini aliiandika.

Kuwaita watu ilikuwa kazi kuliko kuwapima. Wengine walikuwa wamehama na mifugo kuelekea Lorugum na kwingine. Waliokuja, si wote walioshukuru. Bibi mmoja aitwaye Akoru, mwenye shanga hadi kidevuni, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiturkana, polepole, kila mtu akisikia:

"Miaka kumi nimelegea. Miaka kumi nawaambia wanangu siwezi kuchota maji, wananiita mvivu. Wewe ukanipa karatasi yenye jina la ugonjwa. Wakaanza kunichotea. Sasa unataka unirudishie uvivu wangu?"

"Mama, huna ugonjwa ule," Atiir alisema.

"Basi nina nini?"

Atiir alimwambia wataendelea kutafuta. Akoru alikunja ile karatasi ya zamani, akaitia ndani ya nguo yake, akaondoka nayo.

Anatole hakuja. Siku ya tatu Atiir alivuka mto mkavu saa sita ya jua, akaulizia mpaka akafika kwenye nyumba ya mabati na udongo. Alimkuta amelala kwenye mkeka, amekonda, miguu imenyooka kama si yake. Mathilde alikuwa akimkanda mapaja kwa mafuta.

"Haisikii tena," Mathilde alisema bila salamu. "Ninamubana hapa, haisikii."

Atiir alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye uti wa mgongo wa Anatole. Katikati palikuwa na kinundu, kidogo, kama konzi ya mtoto. Hakuhitaji darubini.

Opondo alipata gari siku ileile. Lodwar wakapiga picha ya mgongo: ilikuwa kifua kikuu, kilichoacha mapafu kikaenda kujenga kwenye uti na kula pingili mbili. Daktari wa huko, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alimweleza Atiir kwenye korido kwamba zile sindano za brusela huutuliza kidogo hata ugonjwa huu. Ndiyo maana homa ilikuwa ikishuka. Ugonjwa ulipewa kivuli cha kujificha miezi minne.

"Angekuja Mei?" Atiir aliuliza.

"Alikuja Mei," daktari alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu.

Mathilde alikuwa ameketi sakafuni nje ya wodi, khanga imezungushwa magotini. Atiir alikaa chini mbele yake, akaanza kumweleza. Alitaka kumweleza yote, kwa uaminifu: kwamba kipimo hakikuharibika, kwamba hukosea kidogo tu, kwamba kidogo kikizidishwa na watu wengi...

Mathilde aliinua mkono. "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Alikuambia hanywaka maziwa?"

"Aliniambia."

"Basi usinielezee habari ya kipimo, mama. Miye kipimo sikukionaka. Nilikuonaka wewe."

Wakakaa wawili sakafuni, wauguzi wakiwaruka miguu, mpaka walipoitwa kumgeuza mgonjwa ubavu. Wakaingia wakamgeuza pamoja, Mathilde mabegani, Atiir miguuni.

Dawa za kifua kikuu ni za mwaka mzima. Atiir alikwenda kila alipoweza. Alipeleka sabuni na maji ya kunywa, siku nyingine hakuwa na kitu. Anatole mwenyewe hakumlaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mwezi wa tatu alianza kusikia vidole vya mguu wa kulia. Mwezi wa tano alisimama kwa kushikwa. Mguu wa kushoto uliamua kubaki nyuma. Alirudi kambini na fimbo mbili, na kwa kuwa hakuweza tena kukanyaga cherehani, Mathilde aliiuza ile ya miguu wakatafuta ya kuzungusha kwa mkono. Kazi iliyokuwa ikimchukua asubuhi moja sasa ilimchukua siku mbili.

Zahanati nayo ikarudi kwenye mwendo wake. Opondo aliwauliza wagonjwa maswali kabla ya kuwatuma maabara, damu za mashaka zikapelekwa Lodwar kila wiki, na walioandikwa wagonjwa wakashuka kutoka mia na sabini kwa mwezi hadi chini ya thelathini.

Barua ile ya woga haikujibiwa kamwe. Lakini takwimu zilifika, na takwimu hazikuwa na woga. Mwaka uliofuata walikuja wageni kutoka Lodwar kwa magari matatu. Hema likafungwa uani, mbuzi wawili wakachinjwa. Mkubwa mmoja akasimama akasema kwamba kwa juhudi za zahanati hii, brusela Kakuma imepungua kwa zaidi ya robo tatu ndani ya muda mfupi, jambo ambalo hajaliona mahali pengine. Opondo akaitwa mbele, akakabidhiwa cheti chenye fremu. Alikishika mbele ya tumbo lake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mtu asiyemjua.

Atiir naye akaombwa aseme machache. Alisimama pale alipokuwa.

"Ugonjwa haukupungua," alisema. "Ulikuwa kidogo tangu mwanzo. Kilichopungua ni makosa yetu."

Watu wakacheka kwa upendo, wakapiga makofi. Mkubwa akasema mnaona, huu ndio unyenyekevu wa wafanyakazi wetu.

Sherehe ilipoisha, Opondo alimfuata mahali wanapooshea vyombo. Cheti kilikuwa kwapani.

"Ungetaka nikikatae mbele ya watu?" aliuliza.

"Sijui ningetaka nini, daktari."

"Niliwaandikia. Unajua niliwaandikia."

"Najua." Alimtazama, akaona kwamba mwaka ule umemzeesha naye pia. "Umekula? Nenda ule kabla nyama haijaisha."

Yeye hakula. Alivua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari wa maabara, akatoka kwa lango la nyuma. Jua lilikuwa bado juu na mchanga wa mto mkavu uliunguza kupitia soli za viatu. Ng'ambo, kwenye kibanda chake, Anatole alikuwa ameinamia shati la shule, mkono mmoja ukizungusha gurudumu, mwingine ukisukuma kitambaa, kidogo, kidogo. Fimbo zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mathilde aliketi kando yake kwenye benchi akishona vifungo.

Aliinua macho, akamwona Atiir amesimama juani. Hakusema karibu. Alishona kifungo kile mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

Atiir akaingia kivulini, akaketi.